Kanda ya Jinzi Iliyokwenda Dar na Siri ya Mzee Ou

Saa moja na nusu asubuhi, Gaudiosa Kokugonza yumo ndani ya kontena tupu, mlango umefungwa, giza totoro. Hakufungiwa na mtu. Amejifungia mwenyewe, anatafuta matundu.

"Ukiona hata kitone cha mwanga, basi mvua nayo itapaona hapo," anasema akitoka, kamera begani, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Hili zima. Haya, pakieni!"

Uwanja huu wa kupakia mizigo uko karibu na bandari ya Huangpu, jijini Guangzhou. Ni Machi, mwezi ambao kuta za jiji hutoka jasho na nguo hazikauki hata uzianike wiki nzima. Wapakiaji wanne wanaingiza marobota ya suruali za jinzi kutoka Xintang, mji wa viwanda vya jinzi. Gaudiosa anayafuata moja moja na kamera yake, akihesabu kwa sauti: kwa Kiswahili ili mwenye mali asikie, kwa Kichina ili wapakiaji wajue kwamba kuna mtu anahesabu.

Kwenye robota la sitini na moja anainua mkono. Limelowa upande mmoja.

"Hakuna tatizo, hakuna tatizo," anasema laoban, yaani bosi wa ghala, huku akicheka.

"Kwako hakuna, laoban. Kariakoo lipo," anajibu Gaudiosa, naye akicheka, na kamera haishuki begani. Robota linarudishwa ghalani, linaletwa kavu.

Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa wasioweza kuja China kila mara humwagiza awapigie video mzigo wao ukipakiwa, tangu namba ya kontena mpaka sili ya mlangoni. Kanda hubebwa na msafiri hadi kwa mwenye mali, naye huitia kwenye deki, akaketi na jamaa zake kutazama suruali. Kwa kontena moja Gaudiosa hulipwa dola ishirini na tano. Mwezi mzuri hupata makontena saba, mwezi mbaya mawili. Wateja wamempa jina, Dada Kamera.

Lakini Dada Kamera ana kazi nyingine, na hiyo haimrudishii hata nauli ya basi. Ni mwongozaji wa filamu. Filamu zake, tatu mpaka sasa, zinawahusu watu ambao magazeti yetu huwataja kwa kejeli au hayawataji kabisa: wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake. Hapa Guangzhou wenyewe huitana tongzhi, maana yake ndugu, neno lilelile la mikutano ya chama.

"Mimi sikupata tabu nalo," anasema. "Nyumbani tulikuwa na ndugu katibu, ndugu mwenyekiti, ndugu mjumbe. Nimelizoea tangu nikiwa chipukizi."

Na yeye je? Swali hilo hajalikwepa wala kulizungusha.

"Andika. Mtu wangu ni Fang, yule mwanamke mwenye saluni ya nywele pale Xiaobei. Huu mwaka wetu wa tano. Mama yangu kule Kamachumu anajua. Alininunia msimu mzima wa kahawa, sasa ananiuliza Fang anakula nini, maana kwenye picha anamwona mwembamba."

Gaudiosa ana miaka thelathini na mbili. Alifika China mwaka 1988 kwa ufadhili wa serikali, akasoma lugha mwaka mmoja na ufumaji wa nguo miaka minne. Alipomaliza, kiwanda kilichokuwa kikimngoja nyumbani kilikuwa kimefungwa, mashine zimeota kutu. Akabaki. Akawa mkalimani wa wanunuzi huko Xintang, na siku za Jumapili akambebea taa mpiga video wa harusi. Mpiga video huyo aliponunua kamera mpya, alimuuzia ile kuukuu, ya VHS, ile ya kubeba begani kama mkungu wa ndizi.

"Bega langu la kulia limeshuka," anasema na kulionyesha. "Muulize fundi anayenishonea gauni."

Filamu yake ya kwanza, *Kitanda cha Juu*, ina dakika kumi na nane tu. Inawahusu washonaji wawili wa Xintang, mabinti, wanaolala kitanda kimoja bwenini. Imeonyeshwa mara nne, zote sebuleni kwa watu, pazia limefungwa. Hakuna ukumbi, hakuna tiketi, hakuna bango. Sheria ya uhuni iliyokuwa ikitumika dhidi ya tongzhi ilibadilishwa mwaka juzi, ila filamu ya mtu binafsi isiyo na kibali bado ni maumivu ya kichwa.

Kwa hiyo Gaudiosa akajibunia kinga. Kanda za filamu zake aliziandika majina ya bidhaa. *Kitanda cha Juu* iliandikwa "Vigae". Ya pili ikawa "Feni za mezani". Zote huzizika ndani ya pipa la mchele mkavu, zisiote ukungu.

"Nikasema, hata wakija kupekua, nani mwenye moyo wa kutazama vigae kwa saa mbili?" anasema. Kinga hiyohiyo ndiyo nusura imtoe roho mwaka huu.

Filamu ya tatu ni ya wazee wawili. Kwa sharti lao wenyewe tunawaita Ou na Liang. Ou, miaka sitini na mbili, alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Liang, sitini, alikuwa akitia vitambaa rangi katika kiwanda hichohicho. Wanaishi ng'ambo ya mto, upande wa Haizhu, katika majengo ya wafanyakazi, chumba kimoja na jiko. Majirani wanawajua kuwa ni mabinamu.

Alikutana nao mwaka 1996 kwenye nyumba ya chai. Guangzhou, asubuhi ya Jumapili, meza haina mwenyewe: penye kiti kitupu unakaa, hata kama waliopo huwajui. Gaudiosa akakaa. Liang akamuuliza papo hapo kama zile nywele ni zake. Ou akainamisha uso kwa aibu. Ili kumwokoa, Gaudiosa akamuuliza Ou alikuwa akifanya kazi gani, na walipofika kwenye habari za mitambo ya kufumia hawakuinuka mpaka adhuhuri.

"Mabinamu! Niliamini miezi sita mizima," anasema. "Halafu asubuhi moja ya baridi Liang akamgombeza Ou kwa kusahau skafu. Jamani, binamu hagombezwi vile. Vile anagombezwa mume."

Liang alikubali kupigwa video siku alipoombwa, na kwa kweli angekubali hata asingeombwa. Anapenda kamera, na anapenda kusema. Ou alichukua mwaka. Huyu ukimuuliza umri wake anafikiri kwanza.

Desemba iliyopita, siku moja ya baridi, Gaudiosa alikuwa chumbani kwao akipiga video za madirisha na masufuria. Liang alikuwa ametoka kwenda sokoni kununua samaki. Ou alikaa karibu na dirisha akimenya chungwa, na bila kuulizwa, akaanza kusema.

Mwaka 1976, alisema, aliitwa ofisini. Kiwanda kipya kilikuwa kinafunguliwa Shaoguan, kaskazini mwa jimbo, na yeye amechaguliwa kuwa mkuu wa karakana. Mshahara mkubwa zaidi, nyumba ya vyumba viwili. Akakataa. Mkuu wa utumishi, Bwana Kuang, akamuuliza sababu.

"Nikamwambia maji ya Shaoguan yananisumbua tumbo," Ou alisema mbele ya kamera. "Sijapata kuyanywa maisha yangu yote."

Alirudi nyumbani akamwambia Liang kwamba ile nafasi ameikosa, Kuang amempa jamaa yake. Liang akaamini, na ameamini hivyo miaka yote.

"Ningekwenda, nani angemwamsha huyu asubuhi?" Ou aliendelea. "Hasikii saa, hasikii kengele. Wangemfukuza kazi wiki ya kwanza." Akaligeuza chungwa mkononi. "Sikutaka kwenda mahali asipokuwepo. Basi, ndiyo hivyo tu." Hapo machozi yakamtoka, naye akaendelea kumenya chungwa kana kwamba machozi ni ya mtu mwingine.

Gaudiosa alimwuliza kama sehemu hiyo aiache au aitoe. Ou akamjibu kwamba aiache, na amwonyeshe Liang.

"Mimi uso kwa uso mdomo haufunguki," alisema. "Na nikifungua, ananikatiza. Kwenye runinga hataweza kunikatiza."

Gaudiosa akamwomba arudie, walau kidogo, kamera ikiwa karibu. Ou akatikisa kichwa. "Nimesema mara moja. Mara ya pili nitakuwa naigiza."

Kwa hiyo ikawa ile kanda moja, na maneno yale mara moja, na mzee mmoja aliyekabidhi jambo alilolificha miaka ishirini na zaidi. Gaudiosa aliiandika "Jinzi, Xintang", akaiweka mezani ili kesho yake jioni aiingize kwenye mchele. Pembeni, juu ya deki, palikuwa na kanda nyingine ya jinzi, za kweli hizo, mzigo wa Bi Kazija.

Bi Kazija ni Mzanzibari, mjane, mwenye duka la nguo Kariakoo. Ndiye mteja wa kwanza wa Dada Kamera. Alikuja Guangzhou mara moja tu, mwaka 1995, akashikwa na homa, na Gaudiosa akamuuguza siku tisa, akimpikia uji na kumfulia kanga. Tangu hapo humwita mwanangu, na hamwiti hivyo kwa mdomo tu.

Asubuhi iliyofuata akaja Nassor, mfanyabiashara wa Unguja ambaye ndiye hubeba kanda. Alitakiwa kusafiri kesho yake, lakini ndege ilikuwa imewahishwa siku moja, na teksi inamngoja chini. Gaudiosa alikuwa bafuni, povu kichwani.

"Dada Kamera, kanda ya Bi Kazija iko wapi?"

"Mezani! Imeandikwa jinzi!"

Nassor akaichukua iliyokuwa mezani, akapiga yowe la kwaheri, akateremka ngazi mbio. Gaudiosa aligundua saa kumi alasiri, alipotaka kuzika kanda ya Ou kwenye mchele, akakuta mkononi ana kanda ya suruali za Bi Kazija.

Hapa msomaji aelezwe desturi ya watu hawa. Kanda hairudi Guangzhou tupu. Mwenye mali akishautazama mzigo wake, huirudisha kanda mwanzo na kurekodi majibu yake juu yake: salamu, malalamiko, rangi anazotaka safari ijayo, saizi zilizododa dukani. Bi Kazija ni hodari wa majibu hayo kuliko wote. Mwanawe hupiga video za harusi, basi bibi hukaa kwenye kochi akasema saa nzima bila kunywa maji.

"Nikaona kabisa," anasema Gaudiosa. "Mzee Ou anafutwa, juu yake inawekwa habari ya saizi thelathini na sita."

Si angepiga simu tu? Simu ilikuwepo, duka la jirani. Taabu ni maneno ya kusema. Akimwambia Bi Kazija asiitumie kanda ile, ataulizwa kuna nini ndani, na Bi Kazija si mtu wa kuridhishwa na jibu la nusu. Akisema kweli, anaweza kumpoteza bibi huyo, na bibi huyo akifunga mlango, nusu ya wateja wa Kariakoo wanamfuata.

"Wateja ningetafuta wengine," anasema, na hapa sauti inashuka. "Yule mama nisingempata mwingine. Nilikuwa nafika mbele ya simu, nashika mkono wa simu, naurudisha. Siku tatu. Nilimsaliti mzee wa watu siku tatu nzima kwa woga wangu."

Fang alimshangaa. "Unamwogopa bibi kizee aliye ng'ambo ya bahari?"

"Nikamwambia, huyo humjui wewe."

Siku ya nne akapiga. Kule Kariakoo simu ya dukani ikapokewa na Nassor, aliyekuwa bado hajavuka kwao. Bi Kazija hayupo, alisema, kavuka Unguja kwenda kumalizia Ramadhani na kula Idd huko, na kanda kaenda nayo akaitazame na wake za wanawe. Basi Gaudiosa akamweleza Nassor yeye, yote, mambo ya kanda, ya wazee, ya Fang.

"Dada," Nassor alisema, "safari zote hizi, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungebeba kanda zangu?"

Nassor akafikiri. "Sijui," akasema. Akaahidi kwamba akivuka Unguja atajaribu kumuwahi bibi, ila hakuahidi zaidi.

Idd ikapita. Mwaka mpya wa Kichina ukapita na fataki zake. Hakuna habari. Kila Jumapili kwenye nyumba ya chai Liang aliuliza filamu itakuwa tayari lini, kwani ameshanunua shati la kuitazamia, na shati lenyewe alilileta likaonwa. Ou alikuwa akitazama kikombe chake.

Gaudiosa hakuweza kuvumilia. Jumapili moja Liang alipokwenda msalani, akamwambia Ou yaliyotokea, akimwomba radhi. Ou akauliza Dar es Salaam ni mbali kiasi gani. Akaambiwa. Akatafuna taratibu.

"Mimi Shaoguan tu sikufika," akasema. "Maneno yangu yamepanda ndege." Kisha Liang akarudi, wakazungumza habari ya bei ya samaki.

Ilipofika Alhamisi ya kwanza ya Machi, Nassor akagonga mlango wa saluni. Alikuwa na kanda mbili kwenye mfuko wa plastiki. Hakutaka kukaa, hakutaka chai. "Tazameni wenyewe," akasema, akasimama pale mlangoni, mikono nyuma.

Fang akafunga saluni. Wakaanza na ile kanda ya zamani. Dirisha likaja, masufuria yakaja, chungwa likaja. Ou alikuwepo mzima, tangu neno la kwanza mpaka maganda ya mwisho. Hakuguswa hata sekunde moja.

Wakaweka ya pili. Hiyo ilikuwa mpya, na ndani yake alikaa Bi Kazija kwenye kochi lake, kanga begani, feni inazunguka juu. Gaudiosa ameitazama mara nyingi mno hata maneno anayajua kwa moyo, na huyasema kwa lafudhi ya bibi mwenyewe.

"Gaudiosa mwanangu, hujambo? Na rafiki yako yule wa saluni hajambo? Mwanzo nikuulize, jinzi zangu ziko wapi? Nimekaa na wake za wanangu, kahawa tumeweka, kashata tumeweka, tutizame mzigo. Namwona mzee wa Kichina anamenya chungwa! Nikasema labda Gaudiosa kaanza biashara ya machungwa. Tukatizama. Lugha hatuijui, lakini mtu akimsema mwenziwe wa moyoni hafichikani. Nikawaambia wale wanawake, huyu mzee kafiwa na mkewe. Wote tukamlilia.

"Halafu Nassor kaja, kanieleza. Alizungukazunguka mpaka nikamwambia sema tu, miye mtu mzima. Sasa sikiliza, mwanangu. Miye mambo hayo siyakubali, nawe wajua kama siyakubali. Dini yangu iwazi na sitaki tubishane. Nimekasirika siku mbili, sikufichi. Na kilichoniudhi zaidi ni kuwa wewe ulinipa uji kwa mkono wako siku tisa, nikidhani nakujua, kumbe hukuniamini.

"Lakini yule mzee kalia kilio cha kweli. Siwezi kukifuta miye, nikaweka juu yake habari za suruali. Nimemtuma mtu kanunua kanda nyingine. Yako hiyo, nakurejeshea kama ilivyokuja. Na mzigo ujao utanipigia wewe, simtaki mwingine. Na huyo wa saluni, sasa nishamfahamu ni nani. Msalimie vilevile."

Baada ya hapo, dakika arobaini na tano, ni habari za suruali.

"Nililia mpaka Fang akadhani nimefiwa," anasema Gaudiosa. "Nisiwadanganye watu, Bi Kazija hakunikubali. Amesema wazi. Lakini nimekaa miaka minne nikimwogopa mtu ambaye hakuwa yule niliyekuwa namwogopa. Hilo ndilo linaloniuma, na hilo ndilo linalonifurahisha. Sijui nilie au nicheke, basi nafanya yote."

Kanda ya jinzi za kweli imeshasafiri, safari hii Gaudiosa mwenyewe akimkabidhi Nassor mkononi, nywele kavu. Na kanda za filamu sasa ameziandika upya, kila moja jina lake. Anasema anaogopa kuchanganya kanda kuliko anavyoogopa polisi.

Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, saluni ya Fang inafungwa kwa wateja. Viti vinageuzwa kuitazama runinga, mashine za kukaushia nywele zinasukumwa ukutani, pazia linashushwa. Wapo watu kumi na mmoja. Liang amevaa shati lake, la samawati, bado lina mikunjo ya dukani, na amekaa mbele kabisa. Ou amekaa nyuma yake, karibu na mlango, kama mtu atakayeshuka kituo kinachofuata. Nassor amekuja na mfuko wa machenza. Anasema anapita tu, lakini anakaa.

Filamu inaitwa *Meza ya Dirishani*. Nusu saa ya kwanza watu wanacheka, maana Liang ndani ya runinga hasemi akapumua, na Liang wa kwenye kiti anajiunga mkono. "Kweli kabisa!" anajijibu. "Hapo nimesema vizuri!" Gaudiosa amesimama kando ya deki. Hatazami runinga, anatazama kisogo cha Liang.

Dirisha linakuja. Chungwa linakuja. Ou anaanza kusema, na Liang anafungua mdomo kumkatiza, kwa mazoea. Anakumbuka kwamba haiwezekani, anaufunga.

Kuang. Shaoguan. Maji na tumbo. Hakuna anayecheka. Maganda ya mwisho yanaanguka, video inakwisha, runinga inabaki na mchanga wake wa kuchezacheza. Liang hageuki. Shingo yake imepanda rangi nyekundu. Ou ameinamia viatu vyake. Gaudiosa anasema baadaye kwamba hapo alijuta kuzaliwa.

Kisha Liang anapiga kiganja kwenye mkono wa kiti.

"Miaka ishirini na mitatu simsalimii Kuang!" anapaza sauti. "Miaka ishirini na mitatu! Tulipanga jengo moja, nilikuwa nazunguka kwa ngazi za nyuma nisikutane naye! Amekufa, sikwenda kumzika! Mkewe alinipa pole kwa baridi yabisi yangu, nikamgeuzia mgongo! Maskini ya Mungu, mtu hakufanya lolote!"

Saluni nzima inaangua kicheko. Nassor, ambaye hajaelewa neno, anatafsiriwa na Gaudiosa, naye anacheka mpaka machenza yanamwagika. Ou anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, na haijulikani ni kicheko kitupu au kuna kingine ndani yake. Liang peke yake hacheki. Ameinuka, amemgeukia Ou, na kwa mara ya kwanza tangu Gaudiosa amjue, anatafuta maneno na hayapati.

"Mwezi ujao ni siku ya kusafisha makaburi," anasema mwishowe, polepole. "Tutakwenda kwa Kuang. Wewe utabeba matunda. Mimi nitamwomba radhi."

"Sawa," anasema Ou.

"Nitamweleza kwa nini nilimchukia."

"Mweleze."

"Nitamweleza yote," anasema Liang, na sauti inamkatikia hapo.

Wanaondoka pamoja kabla ya chai. Ou amesahau skafu yake kwenye kiti, na Liang, ajabu, hamgombezi. Anairudia, anamfunga yeye mwenyewe, mbele ya watu, na hakuna hata mmoja kati ya waliobaki anayejifanya hakuona.

Gaudiosa alidhani filamu yake imekwisha. Sasa anasema haijaisha. Anataka kunakili kanda tano, moja ampelekee rafiki aliyeko Hong Kong, ambako wanaonyesha filamu za namna hii kwenye ukumbi wa kweli wenye viti vya kukunja. Moja anataka kumpelekea Bi Kazija, ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini, ajue mzee alikuwa akisema nini siku ile walipomlilia. Hajui kama ataitazama. Ataituma vivyo hivyo.

Lakini kabla ya hayo, tarehe tano Aprili, ana safari ya kupanda kilima cha makaburi nyuma ya wazee wawili, kamera begani. Alikwenda kwao juzi kuomba ruhusa, akijua kwamba Ou hatasema lolote na kwamba Liang atasema mengi. Liang alikuwa akiparua samaki. Hakuinua kichwa.

"Njoo," alimwambia. "Nikilia, usizime."